Jinsi Buyani Ilivyopata Ukurasa

Wanangu, haipiti wiki bila mmoja wenu kunipigia simu au kunisimamisha njiani hapa Garsen. "Mama Taipu, nipe anwani ya jarida. Nimeandika kisa changu, nataka kitoke." Salamu yenyewe inatoka nusu. Nami nawajibu vilevile kila mara: anwani ninazo za kuezekea nyumba, lakini anwani haitoshi. Kaa chini kwanza nikusimulie nilivyoaibika, halafu nitakupa anwani.

Jina la Mama Taipu nilipewa na mji huu, na sikulikataa. Nilipiga chapa zaidi ya miaka thelathini katika chumba cha mabati kinachotazama barabara ya Lamu. Nilianza na taipureta yenye herufi moja iliyolegea, nikamalizia na kompyuta ambayo vumbi la Garsen liliipenda kuliko nilivyoipenda mimi. Niliandika barua za kuomba kazi, za kuomba basari, malalamiko ya mwenye shamba kwamba ng'ombe wameingia kwenye mpunga, na malalamiko ya mwenye ng'ombe kwamba shamba limeziba njia ya kwenda mtoni. Mara nyingine mlalamikaji na mlalamikiwa walikuja siku moja, mmoja akasubiri nje mpaka mwenzake amalize, kisha wakaenda pamoja kunywa chai. Wote niliwapigia chapa kwa heshima moja. Kwa hiyo nilidhani maandishi yote duniani ni ya ukoo mmoja: juu anwani, katikati shida, chini "wako mtiifu".

Ndipo akaja Haluwa.

Haluwa ni mkulima wa mpunga na ndizi, Mpokomo kama mimi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto na akasikia. Alinitolea daftari la shule kutoka kwenye mfuko wa unga, akaliweka mezani na kulifuta kwa kiganja. "Mama Taipu, hiki ni kijiji chetu," akasema. "Nataka kitoke, watu wasome."

Kijiji chenyewe kiliitwa Buyani. Mto wetu mnaujua ulivyo, unalala hapa na kuamkia kule. Buyani ilikuwa ukingoni, chini kidogo ya Golbanti, na Haluwa alipokuwa msichana mto ulianza kuula ukingo ule kidogo kidogo, mwishowe ukahamia palipokuwa na nyumba. Watu wakatawanyika, wengine Tarasaa, wengine Hola, wengine Malindi. Hakuna ramani inayoitaja Buyani. Hata wajukuu wa Haluwa walikuwa wakimwambia jioni, "Bibi, tupe tena ile ngano ya Buyani."

Hapo ndipo palipomuuma. "Wanadhani ni ngano," akaniambia. "Kama ya sungura na fisi. Sisi tuliozaliwa pale tunaisha mmoja mmoja. Tukiisha wote, itakuwa ngano kweli. Mimi nataka iandikwe kwamba ilikuwako, na jina lake lionekane."

Nikamwambia asitie shaka, amefika kwa mwenyewe. Mungu anisamehe, sikuwa nimewahi kutuma hata kisa kimoja mahali popote.

Jarida la kwanza lilinijia likiwa limefunga viazi karai. Msicheke. Mama aliyekuwa akiuza viazi karibu na stendi alikuwa na rundo la majarida ya zamani, anachana kurasa na kufungia. Mimi kila karatasi inayopita mkononi mwangu naisoma, ugonjwa wa kazi huo. Nikala viazi, nikasoma ukurasa, na chini nikaona tangazo: wanapokea visa vya kweli vilivyoandikwa kwa ufundi wa hadithi, tuma kwa sanduku la posta hili, Nairobi. Mistari iliyofuata ilikuwa imelowa mafuta, haisomeki. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa na masharti, lakini mimi nilikwisha kupata anwani, masharti ya nini tena?

Sasa sikilizeni kosa langu. Wao wametaka kisa cha kweli. Mimi nikajiuliza, watajuaje kama ni cha kweli? Kwetu hapa ukitaka kuaminiwa unakwenda kwa chifu. Nikampeleka Haluwa kwa chifu, chifu akaandika kwamba anamfahamu mwenye kisa, ni mtu mwenye tabia njema na hajawahi kushtakiwa, akagonga muhuri. Nikaongeza nakala ya kitambulisho. Nikaongeza picha mbili za pasipoti. Nikatafuta mashahidi wawili wakatia sahihi. Kisa chenyewe nikakinyoosha kama nilivyozoea: "Mintarafu: Kuhama kwa Kijiji cha Buyani. Mimi mwenye jina lililotajwa hapo juu naomba kueleza kwamba..." Nikamalizia kwa kumtakia mhariri kazi njema na kumwomba alitazame suala letu kwa jicho la huruma. Karatasi ilikuwa safi, pambizo sawasawa, hakuna herufi iliyofutwa. Nilijiona fundi kwelikweli.

Jibu lilichukua miezi. Bahasha ilipofika, Haluwa alikuwa amekaa kwenye benchi langu, nami nikaisoma kwa sauti bila kuipitia kwanza. "Tumepokea barua yenu, picha mbili, nakala ya kitambulisho na muhuri wa chifu. Kwa sasa hatuna nafasi ya kazi. Iwapo mlikusudia kutuletea kisa, tafadhali kileteni."

Natamani ningeweza kuwaambia kwamba nilicheka. Nilisikia masikio yanawaka.

Haluwa alinyoosha mkono, akataka nimwonyeshe nakala ya kile nilichotuma, maana hakuwa amekiona. Kwa mazoea yangu mteja alitia sahihi chini tu. Akasoma polepole mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Mama yangu yuko wapi?" akauliza.

"Yuko wapi vipi?"

"Mama yangu, Mama Taipu. Alikuwa anafagia. Umemtoa."

Na kweli nilikuwa nimemtoa. Katika daftari, Haluwa alikuwa ameandika kwamba kila asubuhi watoto wa Buyani walihesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye ukingo. Zilikuwa arobaini, zikawa thelathini na moja, zikawa kumi na mbili. Watu wakang'oa milango na kuibeba, kwa kuwa mbao nzuri haziachwi. Na siku ya mwisho, vyombo vikiwa tayari ndani ya mtumbwi, mama yake alichukua ufagio akafagia uwanja wote, ule ambao jioni yake ungekuwa chini ya maji. Wanawake wakamwita, "Twende! Unamfagilia nani?" Akajibu, "Sitaki mto ukute nyumba yangu chafu." Mimi maneno hayo nilikuwa nimeyakata. Niliyaona hayahusu ofisi.

Haluwa alilia pale kwenye benchi langu, na nilimwona kwa mara ya kwanza kama mtu, si mteja. Niliona haya kuliko nilivyopata kuona haya kazini. Nikamwomba radhi, nikamwambia nitakitafutia kisa kile pahali hata kama itanilazimu kufika Nairobi kwa miguu. Akajipangusa macho. "Kwanza mrudishe mama," akasema.

Kazi ya jarida sikujifunza chuoni. Nilifundishwa na Mwalimu Barisa, Muorma, mwalimu mstaafu aliyekuwa akikaa Tarasaa na masanduku mawili ya majarida chini ya kitanda. Nilimpelekea jibu la Nairobi. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniuliza, "Wewe ukisikia watu wengi kwenye nyumba, unaingia na ngoma tu? Husikilizi kwanza kama ni arusi ama ni matanga?"

"Nasikiliza, Mwalimu."

"Basi jarida ni nyumba ya watu. Sikiliza kwanza."

Akanipa matoleo manne ya jarida lilelile na kunikataza kutuma chochote mpaka niyamalize, toka jalada hadi jalada, pamoja na matangazo. Nilipomaliza akanihoji kama mtoto wa darasa la nne. Visa vyao vinaanzia wapi, kwenye tukio au kwenye maelezo? Vina urefu gani? Anayesimulia ni "mimi" au ni "yule"? Wanachapisha ya kweli, ya kubuni, au yote? Mhariri anaitwa nani sasa hivi, si yule wa miaka mitatu iliyopita? Akanionyesha pia kwamba mkusanyo mzuri wa visa mara nyingi una ukurasa wa shukrani, na hapo mwandishi hutaja kila kisa kilitoka kwanza jarida gani. Ukipenda kisa kinachofanana na chako, fuata njia yake. Hilo peke yake lilinipatia majarida ambayo sikuwahi kuyasikia. Ninyi mna simu mkononi mchana kutwa na bado mnaniuliza mimi anwani!

Tukaandika upya. Haluwa alikaa kando yangu siku tatu baada ya kazi ya shamba. Mkono wangu ulikuwa na mazoea mabaya, ukifika mwisho wa aya unataka kuweka "hivyo basi". Yeye ananipiga kofi dogo begani. "Toa hiyo. Buyani hatukusema hivyo basi." Nilitoa. Nilipomaliza nikakisoma chote, na mimi niliyekuwa nimepiga chapa barua za misiba karibu elfu moja nikashindwa kuendelea nilipofika kwenye ufagio.

Tukatuma tena kwa jarida lilelile la Nairobi. Safari hii mhariri alituandikia ukurasa mzima. Amekipenda. Anataka kukitoa katika toleo linalofuata. Ila tangu mwaka huo jarida linachapisha hadithi za kubuni tu, hivyo kitatoka kama hadithi, na kijiji kibadilishwe jina.

Niliruka. Nikamtumia Haluwa salamu aje mbio, akaja na matope ya shambani miguuni. Nilipomsomea, akasema, "Hapana."

"Haluwa, hii ni Nairobi!"

"Hata ingekuwa Makka. Wajukuu wangu wanasema ni ngano, na huyu naye aandike juu yake kwamba ni ngano? Tena aibadilishe jina? Sasa nitakuwa nimefanya nini?"

Nilikasirika, sitawaficha. Nilikuwa nimehangaika, nilitaka ushindi wangu. Nikamwambia mchagua jembe si mkulima.

Akanitazama na matope yake. "Mimi ni mkulima," akasema, "na jembe nachagua."

Tukamwandikia mhariri barua ya shukrani na kukataa. Niliipeleka posta nikiwa nimenuna, lakini siku chache baadaye nilielewa kwamba Haluwa alijua anachokitafuta kuliko nilivyojua mimi. Kisa cha kweli ukikivisha nguo ya hadithi ili kipite mlangoni, huenda kikapita, lakini aliyeingia si yule uliyemtuma. Hilo ndilo swali la kwanza ninalowauliza siku hizi mkija: unataka kutoka tu, au unataka kutoka ukiwa wewe?

Tukaanza kuzunguka. Jarida la kanisa lilitaka kisa kifupi chenye funzo mwishoni, na mama wa Haluwa hakufagia kwa ajili ya funzo. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa wikendi, lakini wakataka jambo la wiki hiyo, nao mto ulikuwa umekula Buyani zamani. Redio walitaka dakika mbili. Chuo kimoja cha walimu kilikuwa na jarida zuri linalotutosha kabisa, tukatuma wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, na mvua ikanyesha huko juu, barabara ikakatika, bahasha yetu ikakaa hapahapa Garsen ikitazama maji pamoja na sisi. Tangu siku hiyo sitegemei tarehe ya mwisho. Kwangu tarehe ya mwisho ni mwezi mmoja kabla.

Katikati ya hayo nikafanya kosa jingine, lililomhusu fundi mmoja wa baiskeli wa Tarasaa aliyeandika juu ya kigugumizi chake. Nilikituma kisa chake majarida mawili kwa siku moja bila kumwambia yeyote, nikidhani moja likikataa jingine litakubali. Yote mawili yakakubali! Fundi akawa kama mtu aliyeposa nyumba mbili, na zote mbili zimeshapika wali. Niliandika barua za kuomba msamaha mpaka kidole kikavimba, na jarida moja halikunijibu tena maishani. Basi tumeni mara mbili kama masharti yanaruhusu, lakini semeni kwenye barua yenu kwamba mmetuma kwingine, na mkikubaliwa, waarifuni wengine siku hiyohiyo.

Miaka ikaenda. Taipureta ikawa meza ya kuwekea thermosi. Haluwa akaota mvi. Kila nilipomwona sokoni niliona haya, ila yeye hakuuliza, alinisalimu tu na kunipa ndizi. Mwalimu Barisa akatutoka, Mungu amrehemu, na nikarithi masanduku yake.

Aliyetuvusha ni Amina, msichana aliyekuwa na kibanda cha simu jirani yangu. Siku moja alinikuta nalamba stempu. "Mama Taipu, hiyo ni ya kitambo! Siku hizi ni kutuma na imeili, chap chap, umemaliza." Akanionyesha jinsi ya kutafuta. Niliona majarida ya mtandaoni yaliyo Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam, yanayosomwa bure, matoleo yote ya nyuma yamekaa hapo yanakungoja. Nilifikiria masanduku ya Mwalimu nikatikisa kichwa. Amina akataka tutume kwa yote siku ileile. Nikamshika mkono. "Tulia, mwanangu. Tusikilize kwanza kama ni arusi ama matanga."

Tulisoma majuma matatu. Jarida la nne tulilolifungua lilikuwa la Mombasa, linatoka mtandaoni na mara moja kwa mwaka kwenye karatasi, visa vya kweli tu. Walikuwa wanakusanya maandishi juu ya mahali ambapo hapapo tena. Nilisoma masharti yote, na safari hii hakukuwa na mafuta. Maneno yasizidi elfu mbili, na yetu yalikuwa karibu elfu tatu na nusu. Nikamwita Haluwa nikampa kalamu. Nilidhani atagoma. Akakata kama anayepalilia, chap, chap, akatoa hata sifa za babu yake. Ufagio hakuugusa.

Mhariri alipiga simu baada ya wiki sita, mwanamke mwenye sauti ya upole na maswali kama ya karani wa mahakama. Milango ilikuwa ya mti gani? Nani mwingine anakumbuka? Haluwa akataja binamu yake aliye Hola, naye alipopigiwa akasema hatua za mwisho zilikuwa saba, si kumi na mbili. Haluwa alikasirika, "Yule alikuwa na miguu mirefu!" Mhariri akacheka. "Liandike hilo," akasema. "Andika kwamba yeye anasema saba, na kwamba alikuwa na miguu mirefu." Nilipenda sana. Kumbe ukweli haukuhitaji muhuri, ulihitaji mtu wa kuuliza vizuri.

Kikakubaliwa. Kikakubaliwa kama kisa cha kweli, kwa jina la Haluwa, na kichwa chake kikiwa neno moja, Buyani. Amina aliposoma ujumbe ule nilipiga kelele mpaka muuza nyama wa mlango wa pili akaingia na kisu, akidhani nyoka ameingia. Nilimkumbatia na kisu chake. Haluwa alipofika hakupiga kelele. Aliweka kidole juu ya neno lile kwenye kioo cha simu, kikasogeza ukurasa bila yeye kutaka, akashtuka, "Imekwenda wapi?" Amina akairudisha. "Haiendi popote tena, Bibi."

Nakala za karatasi zilipofika, Haluwa alisoma kisa chake Golbanti Jumapili moja baada ya ibada. Walikuja watu wa Buyani kutoka kila upande, na watoto wao. Wajukuu wake walikaa mbele. Nilijivuna siku ile, na bado najivuna, msiniambie habari za unyenyekevu.

Mwezi wa mwisho kabla sijafunga chumba changu, aliingia mwanamume mzee nisiyemjua, amevaa koti licha ya joto, ametoka Malindi. Alikuwa na fomu ya ofisi moja, anataka nimjazie kwa kuwa macho yake yamechoka. Nikauliza jina, akanipa. Nikauliza mahali alipozaliwa.

"Maisha yangu yote nimesema Garsen," akajibu. "Nilikuwa nikisema kwetu, karani ananiambia pahali hapo hapapo, taja pahali pengine. Nikachoka kubishana." Akagonga fomu kwa kidole. "Leo andika Buyani."

"Mzee wangu," nikamwambia, "karani atakuuliza Buyani ni wapi."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa lile jarida, limekunjwa kwenye ukurasa wenyewe, akaliweka juu ya fomu yangu.

"Akiuliza," akasema, "mimi nitamwambia asome."